Wageni Waliopata Ahali: Tarehe ya Wakatoliki wa Diani na Pwani ya Kusini

Aandikaye tarehe ya Wakatoliki wa Diani hana budi kuanza na wenye nchi, kwa kuwa adabu ya mgeni ni kumtaja mwenye nyumba kabla ya kuitaja nafsi yake. Nchi hii, tangu kivuko cha Likoni mpaka Lunga Lunga mpakani, ni maskani ya Wadigo, kaumu mojawapo ya Mijikenda, ambao wengi wao wameshika dini ya Kiislamu. Na alama za ukale wao zingaliko, kama vile Msikiti wa Kongo uliosimama kwenye mlango wa mto Mwachema baina ya mibuyu, na msitu wa Kaya Kinondo, ambao mwaka 2008 uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia pamoja na Kaya nyingine, yaani misitu mitakatifu ya Mijikenda. Katika nchi hii Wakatoliki ni wachache, na wengi wao ni watu walioletwa na riziki. Nia yangu ni kueleza jinsi watu hao, waliokutana hali hawajuani, walivyopata kuwa ahali moja kwa desturi za kila juma, na kwa sababu gani desturi hizo ndogo zimedumu mahali ambapo nguvu iliyo kubwa zaidi ilishindwa kudumu.

Nguvu hiyo ilikuwa ya Wareno. Mwaka 1593 walianza kuijenga Ngome ya Yesu katika kisiwa cha Mvita, yaani Mombasa, na mwaka 1597 watawa wa Mtakatifu Augustino wakafanya makao chini ya kivuli chake, wakahubiri na kubatiza. Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, baada ya baba yake kuuawa kwa hila za Wareno, alichukuliwa Goa angali mtoto, akalelewa na watawa, akabatizwa kwa jina la Jerónimo, kisha akarejeshwa kutawala nchi ya wazee wake. Aliona kwamba taji halikumkinga na dharau za wakuu wa ngome. Na katikati ya Agosti 1631, katika siku za sikukuu ya Kupalizwa kwa Bikira Maria Mbinguni, aliingia ngomeni na watu wake, akamwua kapteni, akarejea katika Uislamu, na Wakristo kwa mamia, Wareno na Waafrika, waume kwa wake, wakauawa. Wareno walirudi baadaye, walakini mwaka 1698 Waarabu wa Omani waliitwaa ngome, na Ukatoliki ukafifia katika pwani hii kwa zaidi ya karne moja na nusu. Waliokufa wakiishika imani yao wastahili heshima ya milele. Lakini kanisa lile lilikuwa limefungamana na mizinga, na mizinga ilipobadili mikono halikuwa na nyumba nyingine ya kukaa.

Ujaji wa pili ulikuwa wa taratibu zaidi. Mwaka 1860 mapadre walitoka kisiwa cha Réunion wakafika Unguja. Kazi yao ikarithiwa na Shirika la Roho Mtakatifu, ambalo mwaka 1868 lilifungua misheni ya Bagamoyo iliyopata jina kwa kuwapa makazi watumwa waliokombolewa. Kutoka huko wamisionari walikwea kaskazini, wakafika Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1892 wakaanzisha misheni ya Bura katika nchi ya Wataita. Mwaka 1955 liliundwa Jimbo la Mombasa na Zanzibar, na tangu 1957 mpaka 1978 liliongozwa na Askofu Eugene Butler wa shirika hilohilo. Zanzibar ikatengwa mwaka 1964, na mwaka 1990 Mombasa ikapandishwa kuwa jimbo kuu, Askofu Mkuu wake wa kwanza akiwa John Njenga.

Hiyo ndiyo silsila ya viongozi. Walakini katika pwani ya kusini walioyajaza makanisa walikuwa watu wa kazi za mikono. Mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari cha Ramisi, ng'ambo ya Msambweni, yaliwavuta watu wa bara kwa miaka mingi, mpaka kiwanda kilipoanguka mwishoni mwa miaka ya 1980. Shimba Hills ilipogawanywa mashamba ya makazi, Wakamba na wengineo walipanda huko na majembe yao. Kisha zikaja hoteli: katika miaka ya 1970 na 1980 ufuo wa Diani uligeuka kuwa safu ya hoteli za watalii, na Ukunda, iliyokuwa kijiji kando ya barabara, ikafura ikawa mji. Waluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba, Wataita na Wagiriama walikuja kuwa wapishi, wahudumu wa mezani, madobi, watunza bustani na askari wa malango; wakapanga vyumba vya mabati na makuti, kila mmoja akiwa na kwao kwingine; na miongoni mwao walikuwamo waliobatizwa Kakamega, Machakos, Kisumu na Nyeri, ambao Jumapili yao ya kwanza ugenini waliulizia njia ya kanisani kabla ya kuulizia njia ya sokoni.

Sasa na tulitazame juma lao, maana humo ndimo yalimo maisha ya parokia. Jumapili huanza kwa Misa ya Kiswahili, lugha ambayo hapa si ya hata mmoja wa wageni hao kwa kuzaliwa, na kwa hiyo ni ya wote kwa usawa. Kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliofanyika baina ya 1962 na 1965, Misa ilisomwa kwa Kilatini. Baada yake kwaya zikapata uhuru wa kuimba kwa kayamba na ngoma, na chombo cha Mijikenda kikaingia katika ibada ya watu ambao wengi wao walitoka mbali na Mijikenda. Baada ya komunyo husomwa matangazo, na yeyote atakaye kuijua parokia na ayasikilize vyema: ndoa zinazotangazwa ili mwenye kipingamizi aseme, wagonjwa wanaoombewa, jumuiya iliyo na zamu ya kusafisha kanisa Jumamosi ijayo, zaka, mchango wa harambee, na jina la marehemu ambaye mwili wake unangoja nauli.

Jambo hilo la nauli lataka maelezo. Mtu wa bara afapo Ukunda, wazee wake aghalabu hutaka azikwe kwao. Na safari ya kumfikisha marehemu mpaka Nyanza au Magharibi, pamoja na gari, jeneza na chakula cha waombolezaji, yapita uwezo wa mshahara wa mhudumu wa hoteli. Hapo ndipo jumuiya huketi kila jioni katika nyumba ya matanga, wakasali rozari, wakaimba, wakachanga hela kidogo kidogo mpaka zitimie, na baadhi yao wakapanda gari pamoja na mwili, ili ahali wa marehemu huko bara waone kwa macho kwamba mtoto wao hakufia mikononi mwa watu baki. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hii ya kumthibitishia mtu kwamba udugu wa imani ni udugu wa kweli.

Jumuiya hizi zina asili yake. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika chama chao cha AMECEA, walipokutana Nairobi mwaka 1973 na tena mwaka 1976, waliazimia kwamba kanisa la nchi hizi lijengwe juu ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, yaani nyumba chache za jirani zikutanikazo kila juma kusoma Injili na kutazamana hali. Kwa Diani azimio hilo lilikuwa rehema maalumu. Mfanyakazi wa hoteli hana Jumapili ya hakika, kwa kuwa zamu yake hupangwa na mwajiri, na siku yake ya ofu yaweza kuwa Jumanne. Mtu kama huyo angengoja Jumapili tu angekaa mwezi mzima bila kuonana na Mkristo mwenziwe. Jumuiya humfuata alipo. Wenzake hukutana nyumba kwa nyumba kwa zamu, jioni watu wakisharudi kazini. Husomwa Injili ya Jumapili ijayo, kila mtu hulitamka neno lililomgusa, hukaa kimya kitambo, kisha kila mmoja hueleza lililo moyoni mwake, mwenye elimu na asiye nayo kwa haki moja. Na mwisho huulizana ni kazi gani wataifanya juma hilo. Mwenyekiti, katibu na mtunza hazina huchaguliwa na wenyewe, na aghalabu akina mama ndio nguzo za mahudhurio na za hazina. Wakati wa Kwaresima husomwa mada za kampeni ya maaskofu wa Kenya, na katika vyumba hivyo vidogo watu hujadili rushwa, ardhi, ajira za vijana na uchaguzi kwa uwazi usiopatikana kwa wepesi mahali pengine.

Pamoja na jumuiya viko vyama. Legio ya Maria, iliyoanzishwa Dublin mwaka 1921, iliingia nchi hizi kwa juhudi za Edel Quinn, binti wa Ireland mwenye maradhi ya kifua, aliyeshuka bandarini Mombasa mwaka 1936, akazunguka Afrika Mashariki mpaka kifo chake Nairobi tarehe 12 Mei 1944. Mkutano wake wa kila juma hauna fahari: meza yenye sanamu ya Bikira Maria, mishumaa miwili na maua, rozari, kisha kila mwanachama husimama kutoa ripoti ya kazi aliyoifanya, amemtembelea mgonjwa yupi, amemrejesha nani aliyelegea. Kwa ripoti hizo kitanda cha mgonjwa, kiwe cha hospitali ya Msambweni au cha chumba cha kupanga, hakisahauliki. Wanawake Wakatoliki na akina baba wana mikutano yao, vijana wana mazoezi ya kwaya, watoto wa Utoto Mtakatifu wana michezo na mafundisho, na katekista huwa na wakatekumeni wake, akiwafunza polepole mpaka mkesha wa Pasaka wabatizwe. Ijumaa za Kwaresima huwa na Njia ya Msalaba. Na Jumamosi wenye zamu hufika na fagio, ndoo na maua, wakaliweka kanisa tayari, juma likaanza upya.

Ahali hii ilijaribiwa. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 genge la watu wenye silaha lilikishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari na kuteka bunduki, na katika majuma yaliyofuata vibanda vilichomwa na watu wa bara wakawindwa mpaka Ukunda. Walikufa zaidi ya mia, na maelfu kwa maelfu wakahama. Fitina hiyo ilikuwa ya siasa za uchaguzi, ikapanda juu ya manung'uniko ya kweli ya wenyeji kuhusu ardhi na kazi. Maelfu ya waliokimbia walijihifadhi katika uwanja wa kanisa Katoliki la Likoni. Mwandishi wa tarehe hawezi kuacha kuona kwamba ilikuwa tena Agosti, na tena katika siku za Kupalizwa Mbinguni, kama mwaka 1631. Ila safari hii Ukatoliki haukutoweka. Waliorejea Ukunda walizikuta nyumba chache zingali zikikutana kusali, nao wakaanza tena kutoka hapo. Aidha viongozi wa dini, masheikh, maaskofu, mapadre na wachungaji, walizidi kukaa pamoja, na Baraza la Makasisi wa Dini Mbalimbali la Pwani likawa mahali pa kuzima moto ungali cheche.

Jaribio la pili lilikuwa la mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga hoteli na makanisa kwa pamoja, wafanyakazi wakarudishwa majumbani bila mshahara. Na hata ibada ziliporuhusiwa mwezi Julai, hawakuruhusiwa zaidi ya watu mia kwa muda wa saa moja, wazee na watoto wakiwa nje. Katika dhiki hiyo orodha za jumuiya, zilizoandikwa kwa ajili ya mahudhurio, zilifaa kwa jambo jingine: kujua ni nyumba ipi haijapika.

Hata hivyo usalama wa parokia hautoki ndani yake peke yake. Mkatoliki wa Ukunda aamuaye kuoza binti humwita Mwislamu achinje, ili jirani zake wote wale karamuni bila shaka mioyoni. Idi ifikapo sahani za pilau huvuka ua, na Krismasi huvuka kurudi upande wa pili. Matanga ya mmoja huhudhuriwa na wa dini nyingine, nao akina mama wa pande zote hujifunga leso zilezile. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano liitwalo Nostra Aetate, la mwaka 1965, liliwausia Wakatoliki wawaheshimu Waislamu, wamwabuduo Mungu mmoja. Diani wosia huo hutimizwa sufuriani na mazishini, na pasipo kutimizwa hivyo ungebaki maandishi. Insafu yadai pia kwamba mgeni aliyenufaika na nchi hii asizibe masikio Wadigo wanapolalamikia ufuo na mashamba waliyopotezewa. Maana ujirani usiojali haki ya mwenyeji ni deni, na deni hili siku moja hudaiwa.

Basi nina ombi kwa mabaraza ya parokia za pwani ya kusini. Vitabu vya ubatizo na ndoa huhifadhiwa vyema, kwa sheria ya Kanisa. Lakini madaftari ya makatibu wa jumuiya, yenye majina ya waliohudhuria, michango ya matanga, nyumba zilizotembelewa na kazi zilizoazimiwa, hutupwa katibu ahamapo au nyumba ibomolewapo. Humo ndimo imeandikwa, juma baada ya juma, habari ya jinsi mji wa vibarua ulivyopata kuwa na undugu. Na yakusanywe, yawekwe mahali pakavu, vijana wafunzwe kuyasoma na kuyaendeleza, na wazee waliofika enzi za Ramisi na hoteli za kwanza waulizwe habari zao wangali hai. Kwa kuwa wajukuu wao, waliozaliwa Ukunda na wasiojua kwao kwingine, wana haki ya kujua ni kwa subira ya akina nani, na kwa hisani ya wenyeji gani, walipata kuwa watu wa hapa.