Huduma ya Kujitolea katika Kupona Uraibu

Huduma ya kujitolea katika kupona uraibu ni kazi isiyo na ujira ambayo mtu aliyeacha pombe au dawa za kulevya, au anayejitahidi kuacha, huifanya kwa ajili ya wengine, hasa waraibu wenzake, ikiwa sehemu ya njia yake mwenyewe ya kupata nafuu. Inaweza kuwa kazi ndogo kama kupanga viti kabla ya kikao, au nzito kama kumpeleka mwenzake kliniki, kukesha naye katika siku za arosto, yaani mateso ya mwili ya kuacha, na kusimamia nyumba wanamoishi walioacha. Msingi wake ni kwamba anayesaidia naye hupata tiba, wakati mwingine kabla ya anayesaidiwa.

Huduma hii ni tofauti na huduma kwa jamii inayoamriwa na mahakama. Kenya ilitunga sheria ya adhabu hiyo mwaka 1998 na Tanzania mwaka 2002, ili wenye makosa madogo wafanye kazi za umma badala ya kufungwa gerezani. Mraibu anaweza kufagia uwanja wa hospitali kwa amri ya namna hiyo, lakini akimaliza saa zake hadaiwi tena kitu, wala kazi yenyewe si lazima imkutanishe na mraibu mwingine.

Chimbuko

Mwaka 1840 wanywaji sita wa mjini Baltimore, Marekani, waliapa kuacha pombe na kuwavuta walevi wengine. Chama chao, kilichoitwa kwa jina la George Washington, kilienea kwa kasi, na mwaka 1842 Abraham Lincoln alikihutubia mjini Springfield. Baada ya miaka michache kilisambaratika. Kiliingia katika malumbano ya kisiasa kuhusu kupiga marufuku pombe, na kazi ya mlevi kumsaidia mlevi ikasahauliwa.

Wazo hilo lilipata mizizi miaka tisini na mitano baada ya kiapo cha Baltimore. Bill Wilson, dalali wa hisa wa New York, aliacha kunywa Desemba 1934, kisha akatumia miezi kadhaa kuwahubiria walevi. Hakuna hata mmoja aliyeacha. Mke wake, Lois, ndiye aliyemwonyesha kwamba hata hivyo kuna mmoja aliyebaki bila kunywa, naye ni Wilson mwenyewe. Mei 1935 alikuwa Akron, Ohio, kwa shughuli ya biashara iliyomwendea vibaya. Akiwa katika ukumbi wa hoteli, huku baa ikimwita, alianza kupiga simu kutafuta mlevi wa kuzungumza naye. Aliunganishwa na Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye alikubali kumpa dakika kumi na tano tu. Waliongea zaidi ya saa sita. Safari hii Wilson hakuhubiri. Alisimulia yaliyompata yeye, na akakiri kwamba anamhitaji Smith kama Smith anavyomhitaji yeye. Tarehe 10 Juni 1935, siku Smith alipokunywa kwa mara ya mwisho, huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa chama cha Alcoholics Anonymous. Inakadiriwa kwamba hadi kifo chake mwaka 1950, Dkt. Smith, akisaidiana na mtawa Ignatia wa Hospitali ya St. Thomas, aliwahudumia walevi wapatao 5,000 bila kutoza ada.

Kitabu cha chama hicho, kilichotoka mwaka 1939, kilitenga sura nzima kwa ajili ya kufanya kazi na wengine, na hatua ya mwisho katika hatua zake kumi na mbili za kupata nafuu ni kupeleka ujumbe kwa walevi wengine. Narcotics Anonymous, iliyoanza California mwaka 1953, iliutumia utaratibu huohuo kwa watumiaji wa dawa za kulevya.

Namna inavyofanya kazi

Mwaka 1965 mwanasayansi ya jamii Frank Riessman aliandika kuhusu kanuni ya tiba ya msaidizi: katika vikundi vya kusaidiana, anayetoa msaada mara nyingi ndiye anayenufaika zaidi. Sababu zinazotajwa ni za kawaida. Anayemweleza mwenzake namna ya kukwepa kishawishi hujikumbusha mwenyewe. Anayesubiriwa saa kumi jioni afungue mlango wa ukumbi ana sababu ya kutokulewa leo. Na mtu ambaye kwa miaka alijulikana mtaani kama teja na mwizi wa simu huanza kukabidhiwa funguo.

Katika vikundi vya hatua kumi na mbili, huduma hupanda kwa daraja. Mgeni hupewa kazi ya viti, chai au kuwasalimu wanaoingia. Baadaye huongoza kikao au hutunza fedha za kikundi. Aliyekaa safi kwa muda wa kutosha huweza kuwa mdhamini, yaani mtu anayepigiwa simu na mgeni hata usiku wa manane hamu inapomzidi. Nyadhifa hizi hushikwa kwa zamu ili pasiwe na mwenye kikundi.

Utafiti uliochapishwa na Maria Pagano na wenzake mwaka 2004, uliotumia takwimu za jaribio kubwa la tiba ya ulevi nchini Marekani, ulionyesha kwamba kati ya waliowasaidia walevi wenzao, asilimia 40 walikaa mwaka mzima baada ya tiba bila kunywa, ikilinganishwa na asilimia 22 ya wasiosaidia. Tofauti hiyo haikuelezwa na idadi ya vikao walivyohudhuria. Hata hivyo, hakuna aliyepangiwa kwa bahati nasibu asaidie au asisaidie, hivyo yawezekana kwamba baadhi yao walisaidia kwa sababu tayari walikuwa na nafuu.

Afrika Mashariki

Pwani ya Afrika Mashariki heroini, inayojulikana mitaani kama unga, ilianza kuenea miaka ya 1980. Zanzibar ilipata nyumba yake ya kwanza ya upataji nafuu mwaka 2009, na nyingine zikafuata. Nyumba hizo hutumia hatua kumi na mbili, na sehemu kubwa ya wasimamizi wake ni watu waliowahi kutumia unga. Wanaoishi humo hupika, hufagia na huongoza vikao kwa zamu, na baadhi ya wanaomaliza muda wao hubaki kuwapokea wapya. Nyingi ni za wanaume. Mwanamke anayetaka kuacha bado ana milango michache ya kugonga.

Upande wa bara, kliniki ya methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilifunguliwa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Kenya ilianza huduma hiyo Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi. Kwa kuwa dawa hiyo kwa kawaida hunywewa kila siku mbele ya mhudumu, kazi kubwa ni kumfanya mtu aje, na arudi kesho. Hapo ndipo mwelimishaji rika anapohitajika. Huyu huenda vijiweni, hukaa na mateja bila kuwasimanga, huwaelekeza wenye vidonda au homa mahali pa kutibiwa, hueleza hatari ya kuchangia sindano, kisha humshika mkono aliye tayari na kumpeleka kliniki. Humjua mtumiaji kwa jina lake la kijiweni, jambo ambalo faili la hospitali halina.

Mipaka na matatizo

Kujitolea hakuchukui nafasi ya tiba. Mtumiaji wa heroini anayeacha hupoteza uwezo wa mwili kuhimili dozi yake ya zamani; akirudia kipimo kilekile anaweza kufa. Kwa hiyo kumtuma mtu kijiweni angali mchanga katika kuacha ni kumrudisha penye unga, na programu makini huwatuma wawili wawili, tena waliokwisha kuimarika.

Suala la pili ni fedha. Mwaka 1936 mwenye hospitali moja ya New York alitaka kumpa Wilson kazi ya mshahara ya kuwatibu walevi. Kikundi chake kilimkatalia, kikihofia kwamba msaada wa kulipwa ungepoteza nguvu. Baadaye chama kiliweka kanuni kwamba kumsaidia mlevi hakulipwi, ingawa ofisi zake zinaweza kuajiri. Afrika Mashariki waelimishaji rika wengi hupewa posho ya nauli. Wapo wanaofanya kazi za siku nzima kwa posho hiyo, na mfadhili akiondoka nayo hukatika. Mtu asiye na kipato kingine hapo huwa kibarua wa bei nafuu kwa jina la kujitolea.

La tatu ni aibu ya kuanguka. Mdhamini au mwelimishaji rika anayerudia kutumia huona amewasaliti wote aliowaleta, na wengi huficha hadi mambo yaharibike. Ndiyo maana vikundi vyenye uzoefu humpumzisha aliyeteleza katika majukumu yake bila kumfukuza katika vikao au tiba. Hurudi kwenye viti na chai, na wapo waliopanda ngazi hiyo zaidi ya mara moja.