Wavu uliozamisha jukwaa la mafuta

Agosti 23, 1991, kwenye ghuba ya Gandsfjorden karibu na mji wa Stavanger, Norway, msingi wa jukwaa la mafuta la Sleipner A ulizama. Ulikuwa bado unajengwa. Mafundi walikuwa wakiuingizia maji kwa makusudi, kidogo kidogo, ushuke kabla ya kubebeshwa sehemu ya juu. Ukuta ukapasuka, pampu zikazidiwa. Watu wote waliokolewa. Zege lilipogonga chini, vipimo vya tetemeko vilisoma 3 kwenye kipimo cha Richter. Hasara ilikuwa kama dola milioni 700.

Chanzo? Wavu.

Ngoja nieleze. Kompyuta haikokotoi umbo zima kwa mpigo. Umbo hukatwa vipande vidogo vilivyoshikana kama matundu ya wavu, kisha nguvu hukokotolewa kipande kwa kipande. Mwanahisabati Richard Courant alitumia pembetatu za aina hii mwaka 1943. Miaka ya 1960 NASA ikatengeneza programu ya NASTRAN, na ndiyo iliyotumika kwa Sleipner.

Msingi ule ulikuwa na matangi 24 ya zege yaliyobanana. Pale matatu yalipokutana palibaki upenyo wa pembe tatu, nao ulijaa maji ya bahari yanayosukuma kuta. Hapo hapo wavu ulikuwa na vipande vikubwa mno na vilivyopinda. Kompyuta ikapunguza nguvu ya kukata ukuta kwa asilimia 47! Kuta zikajengwa nyembamba, na baadhi ya nondo zikawa fupi. Baada ya ajali wavu ulichorwa upya kwa uangalifu, ukaonyesha ukuta ungevunjika kwenye kina cha mita 62. Ulivunjika kwenye mita 65.

Siku hizi mhandisi huchora kwenye programu moja na kupima kwenye nyingine. Mchoro husafirishwa kwa faili za IGES, zilizoanza mwaka 1980, au STEP, iliyotoka mwaka 1994. Njiani, kingo mbili zilizogusana huweza kuachana kwa unene wa unywele. Jicho halioni. Programu ikigoma kutengeneza wavu, shukuru. Balaa ni ikikubali kimya kimya na vipande vibovu ndani yake, kwa sababu mwishoni itakupa picha ya rangi nyekundu na bluu inayopendeza vile vile. Bosi anaisifu, mteja anasaini.

Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, sidhani waliwaza ufa ulio ndani ya faili. Wanorway waliujenga kweli. Wasanifu walianza upya kwa hesabu za mkono bila kusubiri kompyuta, na jukwaa jipya likaanza kazi mwaka 1993.

Sasa niwaulize wahandisi mnaopita hapa: picha zile za rangi mnazotuonyesha, nani huwa anakagua wavu wake?