Mwambata wa Safu

Mwezi Julai mwaka 2014, Stephen Burbank, profesa wa sheria wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, alikaa kama msuluhishi kuamua jambo ambalo kwa kawaida huachiwa watunga kamusi. Jimmy Graham aitwe nani? Klabu yake ya futiboli ya Marekani, New Orleans Saints, ilisema ni taitiendi. Mwenyewe alisema ni mpokezi wa pembeni. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, na Saints walitumia haki ya kumzuia mchezaji mmoja asihame, kwa sharti la kumlipa mshahara wa mwaka unaopimwa kwa malipo ya vigogo wa nafasi anayocheza. Kwa taitiendi mshahara huo ulikuwa dola milioni 7 na ushei. Kwa mpokezi wa pembeni, zaidi ya milioni 12. Hapo jina la nafasi lilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 5.

Neno taitiendi lenyewe limetoka kwenye sheria za mchezo. Katika futiboli ya Marekani timu inayoshambulia ina watu 11, na mpira unapoanzishwa ni lazima wasiopungua saba wawe wamejipanga kwenye mstari. Watano wa katikati kazi yao ni kukinga; hawaruhusiwi kudaka pasi inayorushwa mbele. Wanaoruhusiwa ni wale wawili wa ncha za safu, pamoja na waliosimama nyuma yake. Zamani wa ncha wote wawili waliitwa endi, yaani wa mwisho. Pasi ilipopata nguvu, mmoja akasogezwa mbali ili apate uwanja wa kukimbia, akawa mpokezi wa pembeni. Aliyebaki bega kwa bega na wakingaji akaitwa taitiendi, endi aliyebana. Kubana huku ni umbali tu kati ya mtu na jirani yake. Anayetafsiri neno kwa neno akaandika “mwisho uliobana” atamfanya msomaji afikirie kifungo cha suruali.

Kusimama pale kumezaa kazi mbili: kukinga kama watano wale, kisha kuchomoka na kudaka. Mike Ditka wa Chicago Bears alidaka pasi 56 katika msimu wake wa kwanza, 1961, na makocha wakaona kwamba mkingaji anaweza pia kuwa silaha. John Mackey wa Baltimore Colts aliongeza mbio. Katika Super Bowl ya tano, fainali ya ligi, Januari 1971, alidaka mpira na kukimbia hadi bao la yadi 75.  

Kwa kuwa kazi ni mbili, tukitafuta jina la Kiswahili wengi wetu tungekimbilia “mpokezi mkingaji”. Sikio linalipokea mara moja, kwa sababu tumelizoea umbo hilo katika “kiungo mkabaji”. Mimi pia nililipenda, mpaka nilipolipima kwa shauri la Graham. Mtu huyu alitoka kwenye mpira wa kikapu, akacheza futiboli msimu mmoja tu chuoni Miami, na mwaka 2013 alifunga mabao 16 huku akisimama mbali na wakingaji katika sehemu kubwa ya mchezo. Kama jina lingetokana na kazi, angeweza kusema: mimi sikingi, basi si taitiendi. Burbank alitazama mahali. Alisema kwamba hata mchezaji akijitenga kidogo, maadamu yumo ndani ya yadi nne kutoka kwa mkingaji wa mwisho, bado ni taitiendi. Saints wakashinda, na siku chache baadaye Graham akasaini nao mkataba wa miaka minne wa dola milioni 40.

Kwa hiyo istilahi yetu lazima itaje mahali. Napendekeza “mwambata wa safu”. Kuambata ni kushikamana na kitu, na tayari tunaye mwambata wa kijeshi, ofisa anayekaa ubalozini ilhali ni mtu wa jeshi. Taitiendi naye amegandana na wakingaji, lakini sheria inampa ruhusa ya kudaka ambayo wao hawana. Wapo watakaosema neno hili lina mwenyewe, kule kwenye diplomasia. Mimi naona maana ni ileile, na maneno “wa safu” yanatosha kutenganisha matumizi.

Neno hili linatusaidia pia mahali ambapo “taitiendi” linakwama. Mtangazaji anayemwona mchezaji huyu akihama kutoka ubavuni mwa wenzake na kwenda kusimama peke yake karibu na ukingo wa uwanja hana haja ya maelezo marefu. Kinyume cha kuambata kimo ndani ya kitenzi chenyewe: mwambata ameambatuka.