Shule za Uhuru: Haki za raia zilivyofunzwa Mississippi mwaka wa 1964

SHULE za Uhuru ni jina la shule zaidi ya 40 za muda zilizoendeshwa katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, Julai na Agosti 1964, kuwafunza vijana Weusi haki zao za kiraia na namna ya kuzidai.

Miaka 10 ilikuwa imepita tangu Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iharamishe kutenganisha wanafunzi kwa misingi ya rangi. Mississippi ilijitia hamnazo. Watoto Weusi waliendelea kusomea katika shule duni, na mwalimu aliyethubutu kugusia kura alihatarisha kazi yake. Mtu mzima aliyetaka kujiandikisha kupiga kura alitakiwa kufafanua kifungu cha katiba ya jimbo mbele ya karani mzungu, naye karani huyo ndiye aliyeamua iwapo jibu lilikuwa sahihi.

Wazo la shule hizo lilitolewa mwishoni mwa 1963 na Charles Cobb, mwanaharakati kijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopinga ubaguzi bila silaha. Walimu wengi walikuwa wanafunzi wazungu wa vyuo vikuu vya kaskazini.

Damu ilimwagika kabla ya masomo kuanza. Juni 16, watu wa Ku Klux Klan waliteketeza kanisa la Mount Zion, wilayani Neshoba, lililokuwa limeteuliwa kuwa mojawapo ya shule hizo. Siku tano baadaye, James Chaney, Andrew Goodman na Michael Schwerner, waliokwenda kujionea uharibifu huo, walikamatwa na naibu wa sherifu, wakaachiliwa usiku na kuuawa njiani. Miili yao ilifukuliwa Agosti 4.

Hakuna ambaye angewalaumu wazazi kwa kuwafungia watoto nyumbani. Hata hivyo, waandalizi waliotarajia wanafunzi 1,000 walipokea zaidi ya 2,000, wakiwemo watu wazima. Makanisa yalijaa na baadhi ya madarasa yakahamia nje.

Mbali na kusoma, kuandika na historia ya Weusi, ambayo vitabu vya jimbo viliiruka, somo la uraia lilijengwa juu ya maswali. Wazungu wana nini ambacho sisi tunakitaka? Wana nini ambacho hatukitaki? Sisi tuna nini tungependa kukihifadhi? Swali la pili ndilo lililokuwa zito zaidi, kwani lilimruhusu mtoto kupima maisha ya mtawala wake badala ya kuyatamani tu. Wanafunzi walichapisha pia magazeti yao wenyewe na, mapema Agosti, wajumbe wao wakakutana Meridian, alikozaliwa Chaney, kupitisha madai kuhusu makazi, afya, ajira na elimu.

Matunda yalionekana shule za kawaida zilipofunguliwa. Katika mji wa Philadelphia, makao makuu ya Neshoba, wanafunzi walivaa beji zenye maneno "Mtu Mmoja, Kura Moja". Mwalimu mkuu alizipiga marufuku, na waliokaidi wakafukuzwa kwa muda. Wazazi walikwenda mahakamani na, mwaka wa 1966, mahakama ya rufaa ikaamua kwamba shule haiwezi kuzuia beji ambazo hazivurugi masomo. Mahakama ya Juu iliutegemea uamuzi huo mwaka wa 1969, ilipotangaza kuwa mwanafunzi haachi haki yake ya kutoa maoni langoni mwa shule.