Uhuru wa Maji

Asali iliyokomaa huwa na maji kama asilimia 18. Mahindi yenye kiasi hicho hicho ukiyafunga guniani yataota kuvu, ilhali asali itakaa kabatini miaka na miaka. Basi wingi wa maji peke yake hautuambii chakula kipi kitaoza. Linalotakiwa kujulikana ni kama vijidudu wanaweza kuyapata maji hayo.

Wanasayansi hulipima jambo hilo kwa kulinganisha msukumo wa mvuke wa maji yaliyomo katika chakula na ule wa maji matupu, katika joto lile lile. Maji matupu hupewa 1. Mwaka 1953 W. J. Scott wa Australia alionyesha kwamba bakteria aitwaye Staphylococcus aureus huota kwa kufuata kipimo hiki.

Kukiita kipimo hiki “shughuli ya maji”, kwa kufuata Kiingereza “water activity”, ni kumpoteza msomaji, maana shughuli kwetu ni kazi au sherehe. “Utendaji wa maji” nao unayafanya maji kuwa watendaji, na hali wanaotenda ni bakteria na kuvu. Mimi nasimama na “uhuru wa maji”. “Unyevu” tuuachie kazi yake ya kutaja wingi.

Sukari ya asali huyashika maji, ikabakiza uhuru wa karibu 0.6. Chumvi ya ng’onda hufanya vivyo hivyo, na bakteria akitua juu yake hunyonywa maji ya mwilini mwake mwenyewe. Bakteria wengi waharibifu hushindwa kuota chini ya 0.91. Kuvu ni wavumilivu zaidi, lakini chini ya 0.6 karibu hakuna kiumbe kinachoota.

Faida ya kutenga istilahi hizi mbili huonekana wazi kwenye karanga. Viwango vya Afrika Mashariki huruhusu mahindi yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, na wakulima wengi wameizoea namba hiyo. Kwa karanga haifai hata kidogo. Karibu nusu ya karanga ni mafuta, na mafuta hayashiki maji, kwa hiyo hata maji machache yaliyomo huwa huru zaidi. Lazima zikaushwe hadi asilimia 7 hivi. Zikiachwa kwenye 13.5, kuvu atoaye sumukuvu atapata uhuru wa maji unaomtosha, yaani 0.8 na kuendelea, na sumu yake haiondoki yote kwa kukaangwa. Mwaka 2004 sumu hiyo, ikiwa ndani ya mahindi, iliua watu zaidi ya 100 mashariki mwa Kenya.