Nani Aliibeba Ngoma ya Karagwe?

Waswahili husema, "Mcheza kwao hutunzwa." Mchezaji ana methali yake. Mpiga ngoma naye hukumbukwa, maana tunaonywa kwamba ngoma ikilia sana hupasuka, na kila asikiaye onyo hilo humwona mtu aliyeishika mikwaju. Lakini yule aliyeitoa ngoma nyumbani, akaipandisha mlima, akaishusha bondeni na kuisimamisha uwanjani kabla wageni hawajafika, methali zetu zimempita bila salamu. Napenda leo tumtafute katika historia ya nchi hii ya Karagwe, ambayo tangu mwaka 2012 imegawanyika kuwa wilaya mbili, Karagwe na Kyerwa.

Tuanze na neno lenyewe. Katika Kiswahili, ngoma ni ala, ni mchezo, na ni shughuli nzima iwakusanyayo watu. Katika lugha za Maziwa Makuu, Kinyambo kikiwa miongoni mwao, maana inapanda daraja moja zaidi: ngoma ni utawala. Jirani zetu wa Ankole walisema kwamba mfalme mpya "amekula ngoma", yaani ametawazwa. Ngoma yao kuu, Bagyendanwa, ilikuwa na nyumba yake, ng'ombe wake na watunzaji wake. Mahali ambapo ngoma ni dola, kuibeba si kazi ya kuazima mtu njiani.

Karagwe ilitawaliwa na ukoo wa Wahinda, na ikulu yake ilikuwa Bweranyange. Mwingereza John Hanning Speke alifika huko pamoja na mwenzake James Grant mnamo Novemba 1861, wakapokewa na mfalme Rumanyika. Katika kitabu alichokichapisha mwaka 1863, Speke anasimulia alivyoelezwa habari za urithi wa kiti. Mfalme Ndagara alipofariki, wanawe waligombea. Kikaletwa kingoma kidogo, chepesi kama unyoya, kikawekwa mbele yao. Kwa nguvu za uganga kikawa kizito hata hakuna aliyeweza kukiinua, isipokuwa yule ambaye mizimu ilimkubali. Ndugu wakajaribu, wakashindwa. Rumanyika akakiinua kwa kidole kidogo.

Wengi husoma kisa hiki kama hadithi ya uganga wa ikulu. Mimi nakisoma pia kama mtu aliyewahi kuona ngoma zikibebwa. Waliokitunga walijua jambo ambalo kila mchukuzi wa ngoma hulijua: uzito wa ngoma si wa gogo na ngozi tu. Ngoma ile ile huwa nyepesi kwa anayekwenda kusherehekea, na huwa nzito kwa anayeibeba peke yake huku wenzake wakitazama. Tena angalieni kipimo walichokichagua. Mfalme wa Karagwe hakutambuliwa kwa kupiga ngoma wala kwa kuicheza. Alitambuliwa kwa kuinyanyua.

Speke anaeleza pia baraza la mwezi mwandamo, ambalo kwalo mfalme alijua ni nani miongoni mwa raia wake aliyeendelea kumtii. Siku hiyo alikuta ngoma 35 zimepangwa chini mbele ya ikulu, na nyuma yake wapigaji kwa idadi hiyo hiyo. Mgeni yule alihesabu ngoma, akatazama shanga na manyoya ya mfalme, akasikiliza muziki. Hakuandika ni mikono ya nani iliyozipanga ngoma zile. Na Speke hakuwa mgeni wa habari za mizigo: yeye mwenyewe alifika Karagwe kwa mabega ya wapagazi, na kurasa zake zimejaa malalamiko juu yao. Mpagazi aliyetoroka aliandikwa. Mchukuzi wa ngoma aliyetimiza kazi yake kimya hakuandikwa. Ndivyo kumbukumbu zilivyo mara nyingi: anayebeba huonekana pale tu anapoangusha.

Hata hivyo tusiipambe ikulu kupita kiasi. Mikono ilikuwapo, lakini ilikuwapo kwa amri. Amri haiwezi kuitwa msaada. Mwaka 1963 sheria ilipofuta utawala wa machifu nchini Tanganyika, amri ile iliondoka, na hakuna aliyepaswa kuililia. Ila pamoja na amri ikaondoka mikono. Ngoma ikatoka ikulu, ikaenda shuleni, kanisani, kwenye mikutano na harusini, na mpigaji akawa mpagazi wa ngoma yake mwenyewe.

Tazameni harusi ya leo, iwe Kayanga au Nkwenda. Spika zinafika kwa gari, na vijana wanne wanazishusha. Mpiga ngoma anafika kwa pikipiki, ngoma imefungwa nyuma yake kwa mpira, naye ameigeukia njia nzima kuhakikisha haijaanguka. Anaifungua mwenyewe, anatafuta jua la kuikaza ngozi iliyolegezwa na ukungu wa asubuhi, kisha anaambiwa amechelewa.

Sisemi haya kama mtu asiye na lawama. Nilipokuwa mwalimu kijana nilisimamia kikundi cha ngoma cha wanafunzi. Siku moja tulialikwa kijiji cha mbali. Wachezaji walipata nafasi katika gari dogo, lakini ngoma kubwa haikuenea. Nikamwambia mpigaji aje nayo kwa miguu, naye akaja, ameibeba kichwani, peke yake. Mapigo yake siku ile yalikuwa mazito na yenye kusitasita, nami nikamkaripia mbele ya wenzake. Hakujibu. Jioni alipokuwa akila nikaona vidole vyake vikitetemeka, akashindwa kukishika kikombe kwa mkono mmoja. Nilikuwa nimedai mdundo kutoka katika mikono niliyokuwa nimekwisha kuimaliza njiani.

Nimefundisha ushairi miaka mingi tangu siku ile, na kila mwanafunzi aliponiletea beti zinazosifu mlio wa ngoma, nilimwuliza swali moja: imefikaje hapo? Wengine walicheka. Wachache walirudi na ubeti wa pili uliokuwa bora kuliko wa kwanza.

Hatuhitaji kuirudisha amri ya Bweranyange ili ngoma ipate mikono. Ujima tunao katika kilimo na katika msiba, ambako hakuna anayeachwa abebe jeneza peke yake. Basi, ndugu washairi, siku nyingine mpiga ngoma atakaposhuka kwenye pikipiki na kuanza kufungua mpira, msisubiri mlio. Shikeni upande mmoja, muujue uzito wake, kisha ndipo mwende mkaandike.