Miwa ya Kiliba, Vitambaa vya Bujumbura na Rangi Iliyoingia Ziwani

Wenzangu, hapa Uvira kuna kazi ndogo ambayo wengi wetu tunaipita bila kuiangalia: kupaka upya rangi jinzi zilizochakaa. Jirani yangu anaifanya kwenye parseli. Anachemsha maji, anatia unga mweusi ao wa bluu, anazungusha nguo na mti. Jioni maji yale yanamwagwa kwenye mtaro, mtaro unashuka Kalimabenge, na Kalimabenge inaingia ziwani. Kesho yake asubuhi, watoto wanashuka na mabido kuchota maji kwenye ziwa lilelile.

Mimi nilisoma agronomi, lakini swali lilinishika: ile rangi inaenda wapi, na kuna njia ya kuikamata? Kumbe jibu linapitia historia ya pwani yetu wenyewe.

Tuanze na rangi. Zamani watu walizitoa kwenye majani, mizizi na wadudu. Mwaka 1856, kijana wa miaka 18 huko London, William Henry Perkin, alikuwa anatafuta kutengeneza dawa ya malaria, kinini. Dawa hakuipata. Alipata zambarau, rangi ya kwanza ya kiwandani iliyouzwa sana. Toka hapo viwanda vilitafuta rangi isiyotolewa na jua wala sabuni. Na hapo ndipo shida iko: rangi iliyotengenezwa ili isitoke kwenye nguo, vijidudu vya majini navyo vinashindwa kuivunja upesi. Inazuia mwanga kufikia mimea ya majini, na aina zingine zikivunjika zinaacha sumu zinazoweza kuleta kansa.

Huku kwetu, rangi hizo zilikuja na kiwanda kikubwa ng'ambo ya mpaka. Karibu na mwaka 1980, Bujumbura ilianza kufuma na kupaka rangi vitambaa vyake katika COTEBU. Miaka ya 1990, watafiti wa mradi wa bioanuwai ya Ziwa Tanganyika walipohesabu vyanzo vya uchafu wa viwanda vya mji ule, kiwanda cha nguo kilikuwemo.

Wakati huohuo, upande wetu, Kiliba ilikuwa inakamua miwa. Kiwanda cha sukari kilijengwa miaka ya 1950, na wazee wa Uvira wanakikumbuka kama tumbo la wilaya nzima. Vita ya 1996 ilikisimamisha. Kwa hiyo kwa zaidi ya miaka 10, viwanda viwili vilifanya kazi pamoja, kati yao kuna Ruzizi na kilomita karibu 30 tu. Kimoja kilitoa maji ya rangi. Kingine kilitoa makapi ya miwa, karibu kilo 300 mabichi kwa kila tani moja ya miwa.

Juu ya nini ninaviunganisha? Kwa sababu sukari ndiyo iliyofundisha ulimwengu kwamba makala yanakula rangi. Mwaka 1785, mtengeneza dawa wa Saint-Pétersbourg, Tobias Lowitz, alikuwa anahangaika na asidi iliyobaki kahawia kila mara. Alitia unga wa makala, maji yakawa meupe. Kufika mwaka 1794, wasafisha sukari wa Uingereza walikuwa wanatumia makala ya miti kuondoa weusi wa sukari yao. Mwaka 1900 na 1901, Raphael von Ostrejko aliandikisha njia za kuyaongezea makala nguvu, na vita ya kwanza ya dunia ikayaingiza kwenye vinyago vya kuzuia gesi. Marekani ilifikia kukusanya mbegu za matunda na maganda ya njugu ili kuyatengeneza.

Kazi yenyewe ni hii. Unachoma mabaki ya mimea bila hewa ya kutosha, kisha unayapitisha kwenye mvuke wa joto la nyuzi 800 na zaidi, ao unayaloweka kwanza kwenye asidi ya fosforasi. Matundu madogo sana yanafunguka ndani. Gramu 10 za makala mazuri ya namna hiyo zinabeba eneo kama la uwanja wa mpira, na rangi inanasa kwenye kuta hizo. Makala ya kawaida ya jikoni yanashika pia, ila kidogo.

Tuseme ukweli: makapi ya miwa hayakuwa takataka tupu, maana viwanda vya sukari huyachoma kupikia. Lakini leo tuna maganda ya mpunga, karibu kilo 200 kwa tani. Nenda Sange ao Luvungi, pembeni ya mashine za mpunga, uone vilima vyake vikiungua bure. Tuna pia maganda magumu ya mbegu za ngazi.

Mambo mawili yasisahaulike. Makala yakishiba rangi, usiyatupe mtoni, utakuwa umehamisha shida tu. Na makala yanaondoa rangi, hayaui kipindupindu. Uvira inajua gharama ya kudanganywa na maji meupe. Klori inabaki na kazi yake.

Ziwa letu lina njia moja tu ya kutokea, Lukuga, kule Kalemie; maji yanakaa humo mamia ya miaka. Na mwaka 2024 lilipopanda na kuingia manyumbani, lilituonyesha kwamba tunachotupa kinaweza kurudi mlangoni.

Kwa hiyo wewe unayetafuta kichwa cha TFC: ndoo moja ya maji ya jirani yangu, gunia moja la maganda ya Sange, na mizani. CRH, kituo chetu cha utafiti wa maji, kipo hapahapa Uvira. Viwanda viwili vya zamani havikukutana. Hivi viwili vya leo, gunia na ndoo, tunaweza kuvikutanisha sisi.